Fomu ya Kusukumwa

Waasi walipoingia Goma, wakubwa wa hospitali moja ya Keshero waliamuru mlinzi asimsukume mtu kabla mtu huyo hajasaini fomu ya kukubali kusukumwa.

Asubuhi moja mpiganaji wa waasi hao akaja kumchukua kwa nguvu majeruhi aliyelazwa humo. Mlinzi Idriss, aliyelinda mlango wa hospitali hiyo hata lava ya volkano ilipoteremka mjini, akamzuia kwa fomu.

“Toka hapo, muzee.”

“Papa, lazima nikusukume. Saini kwanza, na mkubwa wako agonge muhuri.”

Mpiganaji, aliyezoea kudai karatasi za watu barabarani, aliisoma mara mbili, akaenda kutafuta muhuri.

Aliporudi mchana, majeruhi alikuwa ameshahamishwa kwa pikipiki. Fomu ilikuwa imekamilika. Idriss akaikagua, akamwomba radhi, akamsukuma kidogo.