Mshahara Uliokauka Chini ya Feni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Ngatirah anachomoa unyoya wa kwanza. Ni mwembamba kuliko uzi wa buibui, umejificha ndani ya kiota cha mbayuwayu kilicholoweshwa tangu jana jioni, na unatoka kwa kibano baada ya jaribio la tatu. Anausuuza kwenye bakuli la maji. Katika kiota hicho kimoja yamebaki manyoya yapatayo mia mbili, na mtu atakayekila kwenye supu, katika nchi ambayo Ngatirah haijui, hatakiwi kukutana na hata moja.

Hazungumzi, kwa kuwa kanuni za chumba haziruhusu. Wala haitazami kazi yake kwa umakini unaotarajiwa kwa mtu anayelipwa kwa gramu. Kila baada ya manyoya matatu au manne, jicho lake linavuka meza mbili na kutua kwenye trei ya mwanamke aliyevaa kofia yenye mstari wa manjano, alama ya anayejaribiwa kazini.

Mwanamke huyo ni Turiyah, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, dada mdogo wa mume wa Ngatirah. Kufikia saa nne, kiota chake cha kwanza kiko safi. Msimamizi, Bu Wening, yaani Mama Wening, anakiinua kwenye mwanga, anakigeuza, kisha anasema kwa sauti inayofika mlangoni: "Huyu vidole vyake vimesoma."

Ngatirah ana miaka thelathini na minane na wiki saba ndani ya kiwanda hiki, pembezoni mwa jiji la Semarang, Indonesia. Hajawahi kuambiwa kwamba kidole chake chochote kimesoma.

Leo ni Alhamisi. Kijijini kwao Karangwelut, mwendo wa dakika arobaini na tano kwa gari la kiwanda, kuna kiti kitupu ndani ya banda la kuchambua kaa. Kiti hicho kilikuwa cha Ngatirah, kisha kikawa cha Turiyah, na mwenye banda ameahidi kukitunza hadi keshokutwa, Jumamosi. Ngatirah akikitaka, ni chake tena.

Kwa macho, kiti chenyewe ni ndoo ya rangi iliyopinduliwa na kufungiwa kipande cha sponji. Thamani yake iko mahali kilipo, kando ya kikapu kinachomwagiwa kaa waliochemshwa. Anayekaa hapo hufikia kaa wakubwa kabla ya wenzake, na kaa mkubwa hutoa nyama upesi. Wachambuaji ni kumi na wanne. Mgeni huanzia mlangoni, kwenye upepo na kaa wadogo, na husogea nafasi moja kila mwenzake anapoolewa mbali, anapougua au anapokufa. Ngatirah alisogea kwa miaka tisa.

Alipokifikia kikapu alikuwa akichambua kilo nne kwa siku, na kila kilo ililipwa rupia elfu ishirini na mbili. Nyama ilipimwa papo hapo, ikiwa bado inachuruzika, na wanawake wa banda wana ufundi wao katika jambo hilo. Wanajua kuikimbiza kwenye mizani kabla maji hayajadondoka. Mwenye banda, Bu Sarpini, anaujua ufundi huo na ameupangia bei yake.

Ubaya wa kaa ni kwamba kuna miezi mitatu ya mawimbi ambapo boti hazitoki na ndoo zote kumi na nne hukaa bure. Ndiyo maana dereva wa gari la kiwanda alipokuja kutafuta watu, Ngatirah alimsikiliza kwa makini. Kazi ya mwaka mzima, chumba chenye kiyoyozi, sare nyeupe, na rupia elfu moja na mia moja kwa gramu.

Kwa mtu aliyezoea kuhesabu kwa kilo, bei hiyo ilisikika kama kosa la uchapaji ambalo haifai kulisahihisha.

Siku ya mwisho bandani alinunua tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa, ya kuwatosha wote, pamoja na pilipili mbichi, akala nao akiwa amesimama. Wanaokumbuka siku hiyo wanasema alizungumza sana kuhusu kiyoyozi.

"Ukifika kwenye hiyo baridi yako, Yu Tirah, kohoa kwa nguvu tukusikie, tujue bado u hai," Turiyah alimwambia, akimwita kwa jina la dada mkubwa kama inavyompasa mke wa kaka.

"Nyie bakini na harufu yenu ya kaa," alijibu Ngatirah. "Mimi naenda kunuka sabuni."

Kisha akamwomba Bu Sarpini kiti chake apewe Turiyah, ambaye alikuwa nafasi ya sita na hakustahili. Banda zima lilisema ni wema. Ngatirah mwenyewe, alipoulizwa, hakulidai neno hilo. "Miaka yote alikuwa anakikodolea macho kile kiti. Nilitaka akipokee kutoka mkononi mwangu, tena akijua nimekiacha kwa sababu nimepata kizuri zaidi. Nilitaka akikikalia, kimuume."

Kiwandani, kila jioni mfanyakazi hupeleka trei yake mezani, inapimwa, namba inaandikwa. Siku yake ya kwanza ya kujitegemea, Ngatirah aliona gramu tisini na nane. Usiku ule alifanya hesabu na kumwamsha mumewe, Kasmuri, kumwambia. Kasmuri, anayechunga bwawa la kamba la mtu mwingine, alisema ni vizuri, akalala tena.

Siku ya tatu ufundi wa bandani ukamrudia. Kila meza ina chupa ya kunyunyizia maji ili kiota kisikatike, na hakuna aliyekuwa akihesabu Ngatirah anabonyeza mara ngapi. Trei yake ikafika gramu mia na thelathini. Alishangaa kwamba wanawake waliokaa pale miaka sita hawajalifikiria jambo jepesi kama lile.

Bu Wening alilifikiria. "Nani anaviogesha viota humu?" aliuliza Ijumaa ile. "Vinachelewa kukauka, vinameguka nyuzi. Nyuzi zikimwagika na maji ni gramu za mtu zinakwenda mtaroni, mjue."

Wenzake waliinua vichwa. Ngatirah aliinua chake pia, akatazama huku na huku kumtafuta mkosaji.

Siku ya malipo, baada ya siku kumi na mbili za kazi, bahasha ilikuwa na rupia laki tano na ishirini na nane elfu. Bandani, kwa siku hizo hizo, angepata mara mbili yake kamili. Alikwenda mezani kuuliza kama bahasha zimebadilishwa.

"Yako hiyo, Bu," karani alimjibu bila kuinua kichwa. "Wastani wako gramu arobaini."

"Arobaini? Hapa mimi nimeona mia na thelathini, kwa macho yangu!"

"Hiyo ya jioni ni mbichi. Ni ya ulinzi, tujue hakuna kipande kilichoingia kwenye mkono wa sare. Vikilala chini ya feni ndipo vinapimwa vya malipo. Vikavu. Ulisaini."

Alikuwa amesaini. Karatasi ilisema "uzito," naye kwa miaka yote ya kaa hakuwahi kukutana na uzito usiochuruzika. Hakuna aliyemdanganya, na hilo limemnyima hata mtu wa kumlaani. Gramu zake tisini zilikuwa maji ya bomba, aliyoyabeba kila jioni kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa.

Nyumbani hakusema. Kumwambia Kasmuri kungekuwa sawa na kumwambia Turiyah, kwani nyumba zao zinatumia ukuta mmoja. Na upande wa pili wa ukuta huo mambo yalikuwa yakienda vizuri. Msimu ulifunguka, kaa wakaja wakubwa, na Turiyah, kutoka kwenye ile ndoo, akafikia kilo tano kwa siku. Mwezi wa pili alinunua mashine ya kufulia. Kila Jumapili ilinguruma hadi vikombe vya Ngatirah vikatetemeka kabatini.

"Kilo tano," anasema Ngatirah. "Kwenye sponji yangu. Ile sponji niliishona mimi."

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba, upande wa pili wa ukuta, mwenzake naye hakuwa na usingizi. Turiyah alikuwa akimwona kila alfajiri amesimama mbele ya msikiti mdogo, mahali maji ya bahari yasipofika, akingoja gari akiwa na sare nyeupe kama muuguzi. Watoto wa jirani walianza kumsalimu kwa adabu. Mama yake Turiyah, mkwe wa Ngatirah, alimweleza kila mgeni kwamba mke wa Kasmuri anafanya kazi ya jijini, ya ndani. Mashine ya kufulia haikutajwa.

Jumapili ya wiki iliyopita, Turiyah alikuja na bakuli la supu ya vichwa vya samaki. "Yu, niombee nafasi na mimi. Nimechoka kunuka. Mume wangu mwenyewe analala kanigeuzia mgongo."

Ngatirah anakiri kilichomjia kichwani kwanza. Angesema tu kwamba kazi ni nzuri, Turiyah angeondoka bandani, na ndoo ingebaki wazi. Neno moja lingetosha. Alisema ataulizia, akala supu, akakaa na wazo hilo siku nzima.

Jioni alipita mlango wa pili na kumwambia ukweli wote: mizani mbili, feni, gramu arobaini, bahasha. Ukweli huo usihesabiwe miongoni mwa mambo mema. "Nilijaribu kumwona amekaa mle ndani, kwenye baridi, na kofia," anaeleza. "Ana vidole vidogo. Angenipita. Sikuweza kuvumilia, bora abaki na kilo tano zake."

Turiyah alimsikiliza hadi mwisho. "Umemaliza, Yu? Mtu alipwe nusu, halafu aendelee kuamka saa kumi na moja na kupaka poda? Ninyime kama unaninyima, lakini usinifanye mjinga."

Ngatirah alirudi kwake, akaleta karatasi ya malipo. Turiyah aliisoma chini ya taa, taratibu.

"Hii," alisema, "ni ya mtu ambaye hajajua kazi."

Kasmuri aliyasikia yote kupitia ukutani. "Nyinyi wawili mngekuwa kuku ningewajengea mabanda mawili," alisema, na huo ndio mchango wake wote katika suala hili.

Jumanne, Turiyah mwenyewe alimpigia simu dereva, akamuaga Bu Sarpini, na leo amekaa meza ya tatu.

Saa kumi jioni trei zinapimwa. Ya Ngatirah, ambaye sasa anamaliza viota sita na kunyunyiza kwa nidhamu, inasoma mia na ishirini na tano. Vikikauka vitakuwa gramu hamsini, rupia elfu hamsini na tano. Ya Turiyah, viota vitano katika siku ya kwanza, inasoma mia na kumi na mbili. Bu Wening anaandika jina lake: aanze Jumatatu.

Turiyah anaitazama namba. Midomo yake inacheza chini ya barakoa. Ameelezwa habari ya feni, amesoma karatasi, na bado anazidisha. Ngatirah anaiona ile hesabu ikipita usoni mwa wifi yake, tarakimu kwa tarakimu, na kwa mara ya kwanza leo mabega yake mwenyewe yanashuka.

"Mia na kumi na mbili, Yu!" Turiyah anamnong'oneza garini. "Na ulisema kazi mbaya."

"Hongera, Tur," anajibu Ngatirah.

Ijumaa jioni, akitoka kiwandani, Ngatirah anateremka kwenye banda la kaa. Bu Sarpini anamsogezea ndoo kwa mguu. "Umekonda, Tirah. Kaa. Kesho mchana kutwa nitakungoja, jioni nampa Mukinem aliye nafasi ya pili, na wewe ukirudi siku nyingine utaanzia mlangoni kama mgeni. Sitaki baadaye uniletee machozi."

Anakaa. Kikapu kinamwagwa, mvuke unapanda, kaa wa juu ni mkubwa kama kisahani. Anamvunja gamba kwa dole gumba bila kutazama, na nyama inatoka nzima. Anamchambua mmoja, wawili, watatu. Kisha ananawa mikono, anamshukuru Bu Sarpini kwa heshima zote, na kumwambia kwamba Mukinem ni mchapakazi.

Anakusudia kubaki kiwandani. Anasema anataka kufikia viota tisa kabla ya mwezi wa mfungo, lengo ambalo Bu Wening analiona gumu kwa umri wake. Alipobanwa zaidi, alieleza sababu iliyo karibu. Malipo ya kwanza ya Turiyah yatatoka baada ya siku kumi na mbili za kazi. Bahasha hutolewa mezani na kufunguliwa pale pale, na yeye anataka kuwa kwenye foleni, karibu naye, mahali pa kuuona uso wake.

Kwa siku hizo kumi na mbili, tofauti kati ya viota na kaa itamgharimu rupia laki tatu na tisini na sita elfu, mbali na kiti, ambacho kilimchukua miaka tisa. Aliandikiwa hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, kwa kidole.

"Si ghali," alisema.