Kuta za Watu, Pumzi za Baba Mkubwa

Baba mkubwa wangu aliwadharau watu wengi, lakini hakuna aliowadharau kama wale wanaotembea bila kwenda mahali. Mtu anayetoka kwake asubuhi mikono mitupu, akafika mwisho wa barabara, kisha akageuka na kurudi alikotoka, kwake yeye hakuwa mzima wa akili. "Hata mbuzi akitoka bandani ana shida yake," alikuwa akisema. Yeye alikuwa mwashi. Kwa hesabu yake, mwashi hutoka nyumbani na chombo mkononi na hurudi na vumbi mwilini, na asiye na kimojawapo kati ya hivyo viwili ni mzururaji.

Dharau hiyo ilikuwa na makao yake. Penye kona, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kuna benchi refu la mbao ambapo mafundi waliokosa kazi siku hiyo hukaa wakisubiri kuitwa. Baba mkubwa alikuwa mfalme wa benchi lile, hata siku ambazo kazi alikuwa nayo. Kila aliyepita alipachikwa jina. Mwalimu mstaafu aliyepooza upande mmoja, ambaye kila asubuhi alijikokota na mkongojo ili mguu usimgande, aliitwa Mkaguzi wa Barabara.

"Mkaguzi! Shimo la jana bado lipo?" Baba mkubwa alimpigia kelele, na benchi zima likacheka hadi kushika mbavu.

Mwalimu alikaza mkongojo akapita. Baada ya muda hakupita tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha moyo ukamwangusha Baba mkubwa mwenyewe. Kisukari na presha alikuwa navyo kwa miaka, na goti lake la kulia lilikwisha kulika kwa kupigia magoti sakafu za watu. Magonjwa hayo alikuwa akiishi nayo kama mtu anavyoishi na wapangaji wakorofi: anagombana nayo, lakini anajua vyumba vyao. Moyo haukumpa nafasi ya kuuzoea. Alikuwa akipiga lipu ukuta wa ghala, mwiko ukamponyoka, akakaa juu ya mifuko ya simenti huku jasho likimtoka kama amemwagiwa ndoo. Hospitali wakamzibua mshipa, wakauwekea kijibomba cha waya cha kuushikilia, wakampa rundo la vidonge. Alipopata nafuu wakamwandikisha kwenye kliniki ya mazoezi ya wagonjwa wa moyo.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye mikeka, viti, na baiskeli kadhaa zisizo na magurudumu. Siku ya kwanza Baba mkubwa alizizunguka baiskeli zile kama mtu anayekagua kazi mbovu.

"Haina gurudumu," alininong'oneza. "Mtu mzima anapanda, anatoka jasho, anashuka palepale alipopandia. Na kuna mtu analipwa mshahara kwa upuuzi huu."

Hata hivyo alipanda. Alipanda kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na hakuna mtu wa mtaani aliyemwona. Nyuma ya mlango ule alikuwa mwanafunzi mtiifu ajabu: aliinua mikono alipoambiwa, akapimwa presha bila kubisha, akatoa kidole kitobolewe kupima sukari kabla ya mazoezi na baada yake. Pumzi zikarudi, na rangi ikamrudia usoni. Siku ya mwisho dada wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, alimkalisha kitini.

"Hapa nilikuwa nakuchunga mimi, mzee. Kuanzia kesho unajichunga mwenyewe. Kila siku utembee, taratibu, njia tambarare. Kifua kikibana, simama upumzike. Kisipoachia, weka kidonge chini ya ulimi na mkukimbize hospitali. Ila usikae. Ukikaa utarudi hapa umebebwa."

"Nimekusikia, mwanangu."

Na kweli alikuwa amesikia. Tatizo ni kwamba nyumba yetu iko mteremkoni, na njia tambarare katika mtaa mzima ni moja tu, ile inayopita mbele ya benchi.

Basi akakaa. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kwa bidii ileile aliyokuwa akijengea nyumba. Jua likiwaka, lilikuwa kali; likijificha, mvua ilikuwa karibu. Mama mkubwa, ambaye hushona mapazia kwenye mashine karibu na dirisha, alimuuliza kila asubuhi bila kuinua macho.

"Leo je?"

"Goti."

"Jana pia lilikuwa goti."

"Jana lilikuwa la kushoto."

"La kushoto si ni zima?"

"Ndiyo maana nalitunza."

Mama mkubwa alisimamisha mashine. "Mimi niliolewa na fundi, sikuolewa na mfuko wa simenti. Na mfuko wa simenti ukikaa sana, wewe mwenyewe unajua, unaganda, hata kwa nyundo hautoki."

Kwa hakika alikuwa anaganda. Haukupita muda mrefu akaanza kuhema akitoka kitandani kwenda bafuni, na sukari yake ikapanda hadi Mama mkubwa akaacha kutuambia namba. Na bado hakutoka. Ningependa kuandika kwamba aliogopa kifo, kwa sababu hofu hiyo ina heshima yake, lakini haikuwa hivyo. Mwanamume aliyejenga nusu ya mtaa, mwenye mke na wajukuu, alikuwa tayari kufa kitini kuliko kupewa jina na watu watano waliokosa kazi.

Asubuhi moja alitoka chumbani amevaa ovaroli lake la kazini, lenye madoa ya chokaa. Miguuni alivaa buti ngumu za kazi, ingawa dada wa mazoezi alimwagiza raba laini, maana mtu wa kisukari akichubuka kidole hajui mwisho wake. Mkononi alishika pimamaji, ule ubao mrefu wa alumini wenye kipovu katikati, ambao fundi huuegemeza ukutani ajue kama ukuta umesimama sawa.

"Unakwenda wapi?" Mama mkubwa akashtuka. "Nani kakupa kazi?"

"Hakuna kazi. Natembea."

"Na hilo bao?"

"Linatembea pia."

Benchini walimpokea kama mjumbe aliyerudi safari. Aliyekuwa amekalia nafasi yake ni seremala wa milango, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeitwa Bawaba kwa sababu hiyohiyo.

"Fundi! Umerudi kazini?"

"Ulidhani nimekufa?"

"Tulishaanza kuchanga. Kazi iko wapi?"

"Huko mbele."

"Kubwa?"

"Ya kunitosha."

Akapita, shingo imenyooka kama mtu aliyemeza ufagio. Alipokwisha kukata kona, kifua kikambana. Hapo mtu mwenye akili timamu angesimama apumzike, kama alivyofundishwa. Lakini fundi mwenye chombo mkononi hasimami kando ya barabara ameshika kifua. Kwa hiyo aligeukia ukuta wa nyumba iliyokuwa karibu, akauwekea pimamaji, akainamisha kichwa, akakitazama kipovu mpaka pumzi zikamrudia. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu ndivyo mwashi anavyofanya mbele ya kazi ya mwashi mwenzake, akaendelea na safari.

Huo ukawa mtindo wake kila siku. Sijawahi kuona mtu akihangaika kiasi kile ili aonekane hahangaiki. Alipima kuta za watu, nguzo za mageti, hata tangi la maji. Lakini mwili hauna habari na majivuno ya mwenye mwili. Umetembezwa, na hiyo ilikuwa inautosha. Miguu ikapata nguvu, sukari ikashuka, na goti lenyewe likalainika. Mama mkubwa akamshinda kwenye suala la raba, baada ya kumwonyesha lengelenge kisiginoni na kutishia kuzichoma buti. Mengine akamwachia.

"Mwache ajidanganye," aliniambia. "Mjinga anayetembea ananifaa kuliko mwerevu aliyelala hospitali."

Mahali pumzi zilipomwishia zaidi palikuwa palepale baada ya kona, kwenye nyumba ya mjane anayeuza mitumba. Asubuhi baada ya asubuhi mama yule alichungulia dirishani na kumwona fundi mashuhuri kuliko wote mtaani akiupima ukuta wake, akiutazama kwa muda mrefu, akitikisa kichwa na kuondoka kimya. Mwanzoni alipuuza, lakini majirani hawakumwacha apuuze.

"Mama, leo tena kaupima."

"Kasema nini?"

"Hajasema. Mtu akikuta mgonjwa wa kupona, husema."

Roho ikawa juu. Angeweza kumuuliza Baba mkubwa mwenyewe, lakini kwa fikra zake mtu asiyesema ana sababu ya kutosema. Akamwendea Bawaba. Bawaba, ambaye kwa kibarua cha siku moja angeng'oa mlango wa mamaye mzazi, alifika, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kama daktari, akakunja uso.

"Mimi ni wa mbao, mama, sitaki kudanganya," alisema. "Lakini kama yule amekataa, ukuta umekwisha. Bomoa kabla haujabomoka wenyewe."

Mjane akawahamishia watoto sebuleni, akatoa vitanda uani na kuvifunika turubai. Kisha akawaita watu wa benchi waje na nyundo.

Asubuhi hiyo Baba mkubwa alikuta benchi tupu na hakujiuliza. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimetumwa na Mama mkubwa nimpelekee vidonge alivyosahau. Alikata kona, kifua kikaanza kubana, akageukia ukuta wake wa kila siku, na hapo akaona geti limefunguliwa na uani kumejaa watu.

"Huyo hapo!" Bawaba akapiga makofi. "Mwenye ukuta wake kaja. Shika, Fundi." Akamkabidhi nyundo kubwa ya mpini mrefu. "Umeanza wewe kuukataa, basi piga wewe la kwanza."

"Kuna nini hapa?"

"Tunabomoa. Kwani si wewe uliyeupima?"

Mjane alisogea, leso kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nilijua unanionea huruma, shemeji, ndiyo maana huniambii. Wewe bomoa tu. Nitauza vitanda, nitauza mitumba yote, nitajenga tena. Bora watoto wangu wasifunikwe."

Baba mkubwa alitazama vitanda chini ya turubai. Halafu akafanya jambo la kijinga kuliko yote aliyoyafanya tangu atoke hospitali: akainua nyundo. Nilimwona akijipima, akitafuta mahali pa kusimamisha mguu. Nyundo ilifika kiunoni tu. Uso ukambadilika, mdomo ukawa wa majivu, akaishusha taratibu mpaka ikagusa chini, akaegemea mpini.

"Umechoka kabla hujaanza?" Bawaba akacheka.

"Ukuta hauna kitu," Baba mkubwa akasema.

"Nini?"

"Nimesema hauna kitu. Umenyooka. Ni ukuta mzuri."

"Mzuri vipi?" Mjane akapandisha sauti. "Nimekuona kwa macho yangu unatikisa kichwa! Siku zote hizo ulikuwa unaangalia nini?"

"Sikuwa naangalia. Nilikuwa napumua."

Nadhani hapo bado angeweza kutunga lolote, na wangemwamini, maana walikwisha mwamini kwa makubwa zaidi. Badala yake alinyoosha mkono kwangu, akachukua kidonge, akakiweka chini ya ulimi mbele yao wote, akakaa juu ya tofali.

"Sina kazi yoyote huko mbele," alisema, maneno yakipita kando ya kidonge. "Daktari kaniamuru nitembee kila siku. Natembea. Nikifika hapa kifua kinabana, nasimama. Basi."

Bawaba ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakamfuata, meno nje, wakipigana mabega. "Daktari wa Kuta!" mmoja akalia. "Daktari, nipime na mimi!" Jina likawa limepatikana.

Mjane hakucheka. "Yaani umenitolea watoto vitandani kwa sababu ya kuhema kwako?" alimuuliza polepole. "Ulishindwa kusema, 'Mama, nimechoka, nipe kigoda'? Mtu mzima kama wewe? Aibu yako ina thamani gani hata nivunjiwe nyumba?"

Kifua kilipoachia, Baba mkubwa alisimama, akanipa pimamaji nibebe, akaanza kuvirudisha vitanda ndani.

"Acha!" mjane akamkemea. "Utanifia hapa, niongeze na matanga juu. Hawa wanaocheka watavirudisha. Wewe nenda kamalize kutembea kwako."

"Turudi nyumbani, Baba mkubwa," nikamwambia. "Kwa leo imetosha. Kikikubana tena tunakwenda hospitali."

"Tutakwenda hospitali kweli, wakanipime," alisema. "Lakini tutapita njia ileile ya benchi."

Njia hiyo ilikuwa ya kurudi kwenye kona, na watu wa benchi walikwisha jipanga getini kumsindikiza kwa kelele. Alitembea katikati ya kelele zile polepole kuliko siku nyingine zote. Tulipofika mbele ya duka alisimama. Kifua hakikubana, aliniambia baadaye. Pumzi tu zilikuwa fupi. Kulikuwa na ukuta upande wa kulia na ukuta upande wa kushoto, na hakuugeukia hata mmoja. Aliwageukia wao, mikono kiunoni, mdomo wazi, akahema.

"Pima, Daktari, pima!" wakapiga kelele.

Aliwaacha wapige. Alipotosheka na hewa, akaendelea.