Mlio wa Gari la Marehemu

Jumamosi alasiri nilikaa uani kwa jirani yangu wa Shirimatunda, nikimtazama akiwa chini ya gari aliloachiwa na baba yake. Kila lilipopita kwenye shimo, mbele lilikuwa linagonga: ngo, ngo. Alitoa bushi za stabilaiza, zile raba za chini ya mbele, zilizokuwa zimelika, akaweka mpya, na vishikio vyake akaviongezea chuma ili visilegee tena.

Mama yake alitokea migombani, alikozikwa mumewe, akijifuta mikono kwa kanga.

"Ule mlio umeuondoa?"

"Nimeuondoa, mama. Sasa litatulia."

"Ulimwambia baba yako?"

Jirani aliniangalia, akacheka kidogo. "Mama, baba si tulishamzika."

"Najua. Nauliza kama ulikwenda pale kumwambia. Kwa mlio ule ndio nilikuwa najua amefika, nakwenda kumfungulia geti."

 Gari lilikuwa bado juu ya jeki, na bushi za zamani zilikuwa mkononi mwake. Ndipo tukasikia barabarani, kwenye shimo lililo karibu na geti: ngo, ngo. Tuligeuka. Barabara ilikuwa tupu.

Mama hakushtuka. Alichuma jani la isale, ambalo huku kwetu ndilo la kuombea msamaha, akafungua geti lote, akasimama pembeni kama mtu anayepisha gari.

Wasomaji wangu mnajua kwamba mimi siamini mambo haya. Niliinuka tu, nikaondoa kiti changu njiani.