Barua ya Mtendaji Haikumvusha Dada Adela

Watu wa stendi ya Sumbawanga huniita Mzee wa Safari, na zamani jina hilo lilinipendeza mno. Nilikata tiketi za mabasi kwa miaka ishirini na saba. Nilimjua abiria atakayetapika kabla hatujafika Laela, na nilimjua yule atakayegombania kiti cha dirishani ambacho si chake. Nimestaafu sasa, lakini watu bado wananifuata nyumbani kuulizia safari, hasa za meli na za nje ya nchi. Nawapokea kwa ukali. Kabla mtu hajakaa, nimeshamuuliza pasi yake iko wapi. Wanasema mzee ameingiwa na gubu, na sijawahi kuwaeleza kwamba ninayemgombeza ni mimi mwenyewe, kwa ajili ya dada yangu Adela.

Adela alinizidi miaka kumi na mmoja. Mama yetu alifariki nikiwa bado natambaa, na baba yetu, Vitus, alikuwa mpagazi bandarini Kasanga, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo Adela akaacha shule darasa la nne, akanibeba mgongoni huku akipalilia ulezi. Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya kupika kwenye shule moja ya misheni kule Kaengesa, akasonga ugali wa watoto wa watu kwa miaka thelathini na mitatu. Hakuolewa. Waliokuja kuposa walikuta kuna mtoto wa kulea, na mtoto mwenyewe ni mimi, wakaaga kwa adabu na hawakurudi.

Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Ukimpelekea kitenge kipya, Jumapili utakiona kimevaliwa na mtu mwingine kanisani. Alitaka jambo moja tu maishani, nalo ni kupanda meli. Baba ndiye aliyemtia hamu hiyo. Alimsimulia kwamba ndani ya meli watu hukaa mezani wakala chakula huku milima inapita dirishani, na Adela, ambaye maisha yake yote alikula amesimama jikoni baada ya wengine kushiba, hakuisahau picha hiyo. Nilipokuwa mdogo aliniambia nikishasoma na kupata kazi nitampandisha meli. Nikasoma, nikapata kazi, na miaka ikapita. Kila mwaka nilisema baada ya mavuno.

Miaka mitatu iliyopita mfanyabiashara mmoja wa mjini alikodi meli na kutangaza safari za matembezi katika Ziwa Tanganyika. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ingetoka Kasanga kwenda Wampembe na kurudi, ya pili ingetoka Kasanga kwenda Mpulungu, Zambia, siku nne kwenda na kurudi. Adela akasema Wampembe inamtosha kabisa. Mimi nikakataa. Nilimwambia Wampembe ni mkoani kwetu, watu wanakwenda kununua dagaa, hiyo nayo ni safari ya kumsimulia mtu? Nilitaka dada yangu avuke nchi. Nilitaka pia, na hili naliandika kwa aibu, watu wa stendi wasikie kwamba Mzee wa Safari amempeleka dada yake ng'ambo kwa meli. Kwa safari ya Wampembe kitambulisho cha taifa kingetosha, na kitambulisho alikuwa nacho.

Akaniuliza habari za pasi. Aliniuliza mara tatu, maana alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo, hata chumvi aliionja mara mbili. Mara ya tatu alikuja mpaka nyumbani kwangu mjini, akasema Cornelia, mwenzake wa jumuiya ambaye naye alikuwa anasafiri, anayo pasi aliyoipata alipokwenda kuhiji Namugongo, na amemshauri naye aitafute mapema. Nilikasirika. Yaani Cornelia, aliyekwenda nje mara moja tu, anifundishe mimi safari?

"Dada, Namugongo ni nje," nilimwambia. "Mpulungu ni kwetu. Shangazi kaolewa huko, kazaa watoto saba huko. Tangu lini mtu anaomba pasi kwenda kwa shangazi yake?"

Mtu wa mbali atanishangaa, lakini sisi tuliokulia huku tungeelewana. Adela mwenyewe alikuwa amevuka mpaka kwa miguu mara nyingi kupeleka maharage soko la mpakani na kuonana huko na shangazi, na mkononi alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, basi. Askari wa pande zote mbili wanazijua barua hizo na wanawajua wenye nazo. Ng'ambo tunaisema kama tunavyosema kitongoji cha pili. Kwa hiyo nilimwambia akachukue barua kwa mtendaji kama siku zote. Akaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, na yeye ndiye aliyenisomesha.

Tulifika Kasanga asubuhi, saa mbili kabla ya meli kuondoka. Adela alivaa sweta jipya na viatu vya kanisani. Katika foleni, afisa wa uhamiaji, binti mpole aitwaye Jane, alimwamkia shikamoo, akaisoma barua yote mpaka kwenye mhuri, kisha akaikunja vizuri.

"Mama, hii inakufikisha soko la mpakani na kukurudisha siku hiyo hiyo," alisema. "Meli inaingia bandari ya nchi nyingine. Huko watataka pasi, au angalau hati ya dharura ya safari."

Nikaanza kujifanya mjuaji. Nilieleza habari za shangazi, nikataja miaka yangu ya stendi, nikauliza mkubwa wake ni nani. Binti alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Akasema hati ya dharura inatolewa ofisi ya mkoa, Sumbawanga, na kwamba kama tungepitia pale wiki iliyotangulia, huenda mama angekuwa nayo mkononi. Akauliza pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo huchomwi leo ukasafiri kesho, mpaka siku kumi zipite. Adela hakuwa na kadi. Kisha afisa akanigeukia mimi na kuniuliza hati zangu.

Nilikuwa nazo zote. Pasi ilikuwa mfuko wa ndani wa koti na kadi ya njano imo katikati yake, kwa sababu miaka minne kabla nilisindikiza basi la mahujaji kwenda huko huko Namugongo. Nimejiuliza sana kwa nini nilizibeba, kama kweli niliamini kwamba barua inatosha. Jibu ninalolipata silipendi.

Adela aliitazama pasi ile mkononi mwangu. Alinivuta pembeni, akanipa kikapu cha maandazi na kuku aliyekuwa amemkaanga kwa ajili yetu wawili.

"Nenda, mdogo wangu," alisema. "Tusikose wote."

Na mimi nikaenda. Ningeweza kukataa, nikarudi naye mpaka Sumbawanga na kuanza upya pamoja. Nilijiambia nauli ya mtu mmoja imeshapotea, isipotee ya pili, tena ameniruhusu mwenyewe. Alipata lifti kwenye gari la wafanyabiashara wa dagaa waliokuwa wanapanda kwenda Matai. Niliona gari likianza mlima nikiwa nimeshika chuma cha ubavuni mwa meli, na sikuteremka.

Kwa saa ya kwanza nilikuwa na huzuni, sitaki kuficha. Halafu huzuni ikaniisha. Meli ile ilikuwa nzuri. Tulikaa mezani, tukaletewa samaki, migebuka ya kukaanga, na wali, na milima ya Zambia ikapita dirishani polepole, kijani kabisa, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba ukichungulia unaona kivuli cha meli kikitembea chini yako. Mpulungu tulipokewa na ngoma. Siku ya tatu nilicheza kama kijana, na mimi si mtu wa kucheza. Nilikuwa na miaka hamsini na tano na sikumbuki siku nyingine maishani niliyofurahi namna ile.

Niliporudi nilikwenda Kaengesa moja kwa moja, na njiani nikawaza namna ya kumsimulia. Nilimkuta anapepeta ulezi uani. Akasimama, akajifuta mikono, akaleta kigoda, akakaa mbele yangu amejiandaa kusikiliza. Uso ule ulinishinda. Nikaona nikimwambia ukweli nitakuwa nimemkata mara ya pili kwa kisu kile kile, kwa hiyo nikamwambia hakukosa kitu. Nilisema meli inanuka mafuta, watu wanatapika tangu asubuhi, chakula ni kibaya na cha baridi, na Mpulungu ni vumbi tupu. Nilisema hata milima haionekani kwa ukungu.

"Basi baba alitudanganya," Adela alisema, akacheka kidogo. Akarudi kwenye ungo wake.

Nilijiona nimetenda wema, hata usiku nililala vizuri.

Lakini dhamira haikuniacha kabisa. Miezi miwili baadaye niliamua kumtafutia pasi yake, safari hii kwa utaratibu. Hapo ndipo nilipojifunza yale ninayowafokea watu leo. Pasi huanzi nayo, unaanza na cheti cha kuzaliwa, na mzee aliyezaliwa kijijini hana. Nilikwenda parokiani wakanitafutia cheti chake cha ubatizo, nikakipeleka ofisi ya wilaya, nikangoja, nikarudi, nikaambiwa nilete kiapo kuhusu wazazi wetu, nikaleta. Nikajaza maombi ya pasi mtandaoni kwenye duka la stesheneri, huku kijana wa pale akinisahihisha kila mstari. Niliuliza chanjo inachomwa wapi. Niliuliza mfanyabiashara yule atakodi meli tena lini, akasema mwezi wa sita. Kila kitu kilikamilika. Kilichobaki ni Adela kuja mjini siku moja, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Nikampelekea karatasi zile kwa furaha. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama moja moja, akanirudishia.

"Ya nini, Yusto? Wewe mwenyewe umesema hakuna kitu huko."

Palikuwa na nafasi pale. Maneno yalikuwa mafupi tu: nilikudanganya, dada, ni pazuri. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini nilidanganya, na kwamba nilicheza ngoma huku yeye akiwa amerudi kwenye gari la dagaa. Nikasema, "Sawa, dada, kama hutaki," nikazichukua karatasi. Ukweli ni kwamba nilitoka pale nikiwa nimepumua. Mwezi wa sita meli ikaenda na kurudi.

Mwaka jana miguu ya Adela ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa shida. Daktari akasema ni moyo, akamkataza kazi nzito na safari zote, hata kuja mjini kwa basi. Nikawa nakwenda Kaengesa kila Jumamosi, tunakaa uani juani kwa sababu ya baridi. Jumamosi moja Cornelia akaja kumjulia hali. Mara tu baada ya safari ile alihamia Mbeya kwa mwanawe, na tangu wakati huo hawakuwa wameonana. Walisalimiana kwa machozi. Cornelia, bila ubaya wowote, akatoa simu yake yenye video ya safari ile na kusema dada lazima aone kile alichokikosa, maana yeye mpaka leo huwa anaangalia kila anapojisikia vibaya.

Nilitaka kuinuka, nikashindwa. Adela aliishika simu karibu na macho. Nilisikia ngoma za Mpulungu, nikasikia watu wakishangilia, na nikajisikia mwenyewe nikicheka. Aliona meza zenye vitambaa vyeupe. Aliona milima. Aliona mdogo wake amenyoosha mikono juu, anazunguka, amefumba macho kwa raha. Alitazama mpaka mwisho, akamwomba Cornelia airudie. Ilipoisha mara ya pili, Cornelia alitutazama, akaelewa kuna jambo, akasema anakwenda jikoni kuchemsha chai.

Tulibaki wawili. Nilimwambia nilidanganya ili asiumie. Nilimwomba msamaha, wa bandarini na wa uongo, yote kwa pamoja, na nililia. Adela alinishika mkono akasema ya bandarini alishanisamehe siku ile ile, kabla gari halijafika Matai.

"Lakini ungeniambia ilikuwa nzuri, Yusto," alisema. "Ningekuja mjini kupiga picha."

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, tukamzika Kaengesa. Kibali cha mazishi na cheti cha kifo nilivishughulikia mwenyewe, ofisi kwa ofisi, na sikukosea karatasi hata moja.