Gauni Lililobaki Kwenye Waya

Saa kumi na moja jioni. Mwantumu Isihaka anagonga kipande cha reli kwa nyundo, mara tatu, na watoto wanaanza kutoka majini wakinung'unika. Kila mmoja anakwenda kwenye waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili, anachukua nguo yake, anavaa, anaondoka.

Waya unabaki na shati moja la bluu.

Mwantumu analitazama. Anatembea ukingoni mwa Mto Ruaha Mdogo, kisha anakimbia, mwanamke wa miaka 58 mwenye goti bovu, akipaza sauti: "Nani hajavaa? Nani hajavaa, jamani?"

"Mimi, bibi!" anajibu msichana aitwaye Esta, akitoka chooni na kanga kifuani. "Tumbo lilikuwa linaniuma."

Mwantumu anajiachia chini kwenye majani. Zinapita kama dakika tano kabla hajaweza kuzungumza na mwandishi wa makala haya.

"Utaniona kichaa," anasema. "Lakini mimi najua nguo iliyobaki inawafanya nini watu."

Bustani hii ya starehe, nje kidogo ya mji wa Iringa, ndiyo iliyomlea. Miaka ya sabini baba yake, Isihaka, alikuwa mwangalizi wa waogeleaji hapa. Jumamosi familia zilikuja na vikapu vya chakula, santuri zikapigwa barazani, bembea zikagombewa, na watoto wakajitosa mtoni kutoka kwenye jiwe pana walilolibatiza jina la Meza. Mwantumu alijua kuogelea kabla hajajua kusoma.

Baba yake alikuwa na sheria moja tu. Kila mtoto anayeingia majini atundike nguo yake kwenye waya, na asiguse ya mwenzake. Jioni reli ikigongwa, waya uwe mtupu. Nguo ikibaki, kuna mtu mtoni.

Jumamosi moja ya mwaka 1976, Mwantumu akiwa na miaka tisa, shangazi yake Mwanakhamisi alipita bustanini na gari lililokuwa likienda harusini Idodi. Mkononi alikuwa na gauni jipya la maua mekundu, alilomshonea mtoto wa kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka majini," anakumbuka. "Shangazi akaniuliza, 'Umemuaga baba yako?' Baba alikuwa kule mbali anaamua ugomvi wa bembea. Nilijua akisikia habari ya harusi atakataa. Nikasema, 'Nimeaga.' Nikavaa lile jipya, nikapanda gari."

Gauni la zamani likabaki kwenye waya.

Harusi ilinoga, wakarudi Jumatatu mchana. Walipomshusha mtaani kwao, Mwantumu aliona uani kumejaa watu. Akafurahi, akidhani na kwao kuna harusi. Kumbe wanaume walikuwa mikekani wakisoma hitima, na wanawake wamejitanda kanga, kimya. Jirani yao, Mama Evarista, alikuwa akitoka jikoni na sinia la wali.

"Nikamuuliza, 'Mama, nani kafa?' Akanitazama. Sinia likamponyoka. Akasema, 'Wewe.'"

Kelele zilizofuata, anasema, bado anazisikia. Watu walitimua mbio. Mzee mmoja aliruka ua wa matete na kuacha viatu vyake. Mama yake hakukimbia. Alimshika masikio, pua, vidole kimoja kimoja, kama anayekagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Baba hakuwepo hitimani. Tangu Jumamosi jioni alikuwa mtoni, kamba kiunoni, anazama na kuibuka chini ya Meza penye kina kirefu, wenzake wakimvuta kila alipozidiwa. Jumapili sikio la kushoto lilianza kutoa damu. Akaendelea. Na kila aliyetaka kuliondoa lile gauni alimzuia: "Liacheni. Mwenyewe hajalitoa."

Walipompeleka Mwantumu ukingoni, Isihaka alimtazama muda mrefu. Hakumchapa. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye waya.

"Katoe nguo yako, mwanangu."

Sikio lile halikusikia tena. Mpaka anafariki mwaka 1998, kila aliyetaka kuzungumza naye alikaa kuliani kwake.

Jioni ile ile watu wazima walitaka kujua kosa ni la nani. Mwanakhamisi akaapa kwamba mtoto alimwambia ameaga. Macho yote yakamgeukia Mwantumu.

"Nikasema, 'Hakuniuliza.'" Anatamka hivyo akiwa ameinama. "Basi. Niliogopa, naona damu sikioni kwa baba. Shangazi akaniangalia, akajifunga kanga yake, akaondoka."

Kaka na dada hawakusemezana tena. Isihaka alipofariki, Mwanakhamisi alikuja mazishini, akakaa nyuma kabisa ya wanawake wengine, kisha akarudi Ubaruku, kwa wanawe wanaolima mpunga, bila kuonja hata maji.

Mwandishi anamuuliza. Je, hajawahi kumwambia mtu?

"Wewe wa kwanza."

Miaka 22 iliyopita aliomba kazi ya kufagia hapa. Mwangalizi wa waogeleaji alipoacha kazi, akaomba apewe yeye nafasi hiyo, akaurudisha waya na sheria ya baba yake. Hakuna mtoto aliyewahi kuzama zamu ikiwa yake.

Wiki iliyopita binamu yake Alawi alimpigia simu kutoka Ubaruku. Shangazi, sasa miaka 84, haoni tena. Lakini alikuwa ameuliza: yule mtoto wa Iringa, bado anaogelea?

"Hakusema yule mwongo," anasema Mwantumu, na machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Kasema yule mtoto."

Ijumaa atakwenda. Gauni la maua mekundu, ambalo baada ya harusi ile hakulivaa tena, tayari liko mkobani. Amekwisha kumuaga meneja, na mlinzi wa getini, na mama anayeuza soda, ambaye anamcheka kwamba anaaga siku mbili kama anayehamia ng'ambo. Yeye hacheki.

"Na wewe nakuaga," anamwambia mwandishi. "Usiichape habari hii kabla sijafika. Nataka wana wote wa shangazi wakae, wasikie kwa kinywa changu kwamba aliniuliza."