Bogenvilia Iliyoziba Ziwa

Baba aliniambia nikate maua ya mbele ya nyumba ili bibi aone ziwa. Nikamuuliza, akishaliona ndiyo nini? "Atatulia," alisema, akaingia kwenye gari kwenda kazini Misungwi. Kwetu swali la pili hujibiwa na vumbi la gari.

Bibi ni mama yake baba. Tulimleta Kiseke baada ya kuteleza kwenye migomba yake huko Muleba, ng'ambo ya ziwa, na kuumia goti. Goti lilipoa kiasi cha kutembelea fimbo, na tangu hapo kila asubuhi aliketi barazani amevaa gauni la kutokea, akituuliza leo ni nani anampeleka kwake. Baba alikuwa ameshaamua kwamba harudi tena kuishi peke yake. Aliyekuwa hajaambiwa ni bibi mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi, nazunguka nyumba kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nilimwelewa bibi kuliko nilivyotaka.

Bogenvilia ilipandwa nyumba ilipojengwa, ikaachwa. Upande wa barabarani ilichanua vizuri; upande wetu ilikuwa miiba na vijiti vikavu. Yaani tulikuwa tunawafugia wapita njia maua, sisi wenyewe tunakaa gizani. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Nikaanza na panga.

"Yesu na Maria!" jirani yetu, mama wa Kisukuma, alichungulia juu ya ukuta. "Mhaya kashika panga! Vitabu vimekwisha?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kata chini, baba, usiinyoe kama bwana harusi."

"Mwambie huyo Msukuma," bibi alipaza sauti kutoka barazani, "kwake ng'ombe walishakula maua yote, ndiyo maana ana nafasi ya kutazama ya wenzake."

"He! Bibi, umenisikia kutoka huko?"

"Kilichoumia ni goti, si masikio."

Jirani akacheka hadi akashuka ukutani.

Niliburuta matawi, miiba ikanichana mikono, nikahamia kwenye krotoni za kona. Katikati yake nilikuta mashina membamba yenye majani marefu yaliyochongoka. Nikayafyeka pamoja na mengine. Fimbo ya bibi ikagonga sakafu.

"Umekata mpaka!"

Ilibidi anieleze: huo ni omulamula, mmea ambao kwao mtu huupanda kwenye mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba, na ukishapandwa hauguswi. Kumbe baba, mtu wa kompyuta na hati miliki, aliupanda Kiseke, hatua moja tu kutoka kwenye bikoni ya zege.

"Bibi, bikoni ipo. Kiwanja kimepimwa."

"Bikoni inachipua?"

"Haihitaji kuchipua."

"Basi mtu akiing'oa usiku, itarudi yenyewe?"

Nilianza kumweleza habari za ramani, lakini alikuwa haniangalii tena. Nyuma yangu, kati ya mawe mawili makubwa, ziwa lilikuwa limejitokeza, la kijivu, halina jambo. Nilitegemea atabasamu. Alilipima kwa macho.

"Ni mbali kiasi hicho tu?" akauliza.

Kisha akasema lililokuwa likimtoa kitandani kila asubuhi. Jirani yake wa bondeni kule Muleba alikuwa amekata omulamula wa mpaka wao na kuanza kupanda maharage upande wa bibi. Mwanamke mmoja wa kanisani kwake alimpigia simu kumwambia. "Na huko," alisema, "hakuna wa kugonga fimbo."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Huniuliza kama nimekula. Huniuliza kama nimelala. Hilo hajaniuliza."

Baba aliporudi jioni alisimama uani akifurahia uwazi. "Si umeliona ziwa sasa, mama?"

"Nimeliona. Nivushe."

Nilimweleza ya maharage hata kabla hajavua viatu. Akasema atampigia mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwenyekiti ni mjomba wa huyo huyo jirani yangu," bibi alisema.

Baba aliangalia kona iliyofyekwa. Nilisubiri anigombeze, hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, chini ya miguu ya mama yake, akabaki akisugua paji la uso.

"Ngazi za meli ni kali," alisema hatimaye. "Goti litaweza?"

"Nikishikwa mkono."

"Basi huyu atakushika. Na abaki na wewe kule."

Huyu alikuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza.

"Huyu?" bibi alisema. "Si atamchosha yule bwana wa maharage kwa maswali!"

"Ndiye mtu wa kupeleka mpakani," baba akajibu.

Bibi aliniangalia kuanzia kichwani, akaishia miguuni.

"Una viatu vya matope?"

Sikuwa navyo.