Yule Aliyeimba Silangani

Mwaka ule wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na kiburi cha kutosha tarafa nzima. Katika mwethya wetu, kikundi cha akina mama waliochimba silanga, bwawa la kuvuna maji ya mvua, kule chini ya soko la Tulia, ni mimi pekee niliyekuwa na cheti. Basi wakanifanya karani. Wenzangu walishika majembe na makarai, mimi nikashika biro na daftari, na kila Ijumaa lori la msaada lilipofika, chakula kiligawanywa kwa kufuata majina niliyoandika. Usipoandikwa, huli.

Mle daftarini mlikuwa na mjane mmoja mzee, jirani yetu, ambaye sote tulimwita susu, yaani nyanya. Susu hakushika jembe. Mgongo wake ulikuwa umekataa zamani. Kazi yake ilikuwa kuimbisha. Alisimama juu ya ukingo akatoa wimbo, na akina mama kule chini, wamejipanga bega kwa bega, wakaitikia na majembe yakashuka pamoja. Alitunga papo hapo. Akiona mtu anazembea, alimwimba yeye na mumewe na mbuzi wake na hata sufuria aliyounguza jana, watu wakacheka huku wanachimba. Mimi aliniimba kwamba nitaolewa na daftari. Nilinuna, lakini moyoni nilipenda. Nyumbani alikuwa na wajukuu wawili; mama yao alikwenda kutafuta kibarua kwenye miji ya barabara ya Mombasa na hakuwa ameleta hata salamu. Mahindi ya susu ya kila Ijumaa ndiyo yaliyowalisha wote watatu.

Ijumaa moja ofisa wa chakula akaja na lori nusu tupu. Akasema chakula kimepungua, hali ni ya dharura, kwa hivyo watakaopewa ni wafanyakazi wa lazima peke yao. Wasio wa lazima wangoje. Tukapitia majina moja moja, yeye akiuliza huyu anafanya nini, yule anafanya nini, mpaka tukafika kwa susu.

"Huyu anaimba," nikasema.

Ofisa akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Wala hakuniambia nimfute. Alinitazama tu, akingoja, na mimi nilitaka aone kwamba naielewa kazi, maana nilikuwa nimesikia kwamba ofisini kwao wanatafuta karani wa kudumu. Nikapiga mstari. Ningeandika kwamba anabeba karai, nani angejua? Ni maneno mawili tu! Kila nikifika hapo katika kukumbuka natamani kujizaba kofi.

Susu alikuwa kwenye foleni na kiondo chake. Nilimweleza kwa sauti yangu ya ofisi, nikamwambia si mimi, ni amri kutoka juu. Hakubishana. Alikunja kiondo, akanishukuru kwa kumweleza mapema, akaenda zake. Ile asante iliniudhi siku nzima, afadhali angenitukana.

Jumatatu kazi ikaanza bila mwimbishaji. Mama mmoja wa kwaya ya kanisani alijaribu tenzi, lakini tenzi zake zilikuwa za kutuliza roho, si za kupasua udongo mkavu. Kila mtu akachimba kwa mwendo wake. Siku ya tatu jembe la mmoja likamkata mwenzake kwenye kifundo cha mguu, wakaanza kusemana nani mvivu na nani anajificha nyuma ya nani. Baada ya wiki mbili ofisa akapima shimo kwa kamba yake, akanuna, akasema tukiendelea hivyo lori litapelekwa kwingine. Ndipo nikamkumbuka susu. Nikamweleza ofisa habari ya nyimbo, akaniambia basi mrudishe.

Nilikwenda mbio, kwa furaha kabisa, nikijiona mtu mwema. Nilimkuta jikoni akikoroga majani ya mwituni kwenye chungu. Wajukuu walikuwa wamelala mchana kweupe, na watoto wa umri ule hawalali mchana. Nikamwambia yote: kazi imekwama, akina mama wanagombana, mmoja ameumia, na sasa hata ofisa amekubali kwamba mwimbishaji ni mfanyakazi wa lazima. Nilidhani atafurahi.

Akaendelea kukoroga.

"Na kama wangechimba vizuri bila mimi," akauliza, "ungekuja?"

Jibu nilikuwa nalo, naye alilijua.

"Hawa watoto wangekuwa na njaa hii hii," akasema.

Jumatatu iliyofuata alikuja, lakini alikuja na jembe la kuazima. Akaingia kwenye mstari katikati ya wanawake ambao angeweza kuwazaa. Walimsihi atoe wimbo, awe amekaa tu pale ukingoni. Akawajibu kwamba amekuja kufanya kazi ya lazima kama wengine. Niliteremka nikamwambia susu, tafadhali, pumzika, jina lako nitaliandika. Hata hakuinua macho. Aliinua jembe likafika magotini, akaliacha lianguke, akapumua, akaliinua tena.

Hakuna aliyeimba tena mpaka silanga ikaisha. Susu alichimba hadi mvua iliponyesha, na wiki zote hizo nilisimama ukingoni, pale alipokuwa akisimama yeye, nikiandika jina lake. Nilikuwa na mikono miwili mizima na mgongo wa msichana. Sikumpokea lile jembe hata siku moja, na kila Ijumaa nilichukua mahindi yangu.